STI ya tabo au MR-S nyepesi? Naomba ushauri wa gari ya pili, ya kuendesha kwa raha tu

Kijana_wa_Moro:
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Kuna jambo linanizungusha kichwa muda sasa, naomba wazoefu mnisaidie. Nipo Morogoro, gari ya kazi na familia ninayo, Premio, hiyo haiguswi. Nimejichanga pembeni nataka ya pili, ya kwangu mwenyewe, ya kuamka nayo alfajiri Jumapili kabla malori hayajajaa barabarani niende zangu Gairo au Turiani nirudi niwahi ibada ya pili. Nimezunguka sana mitandaoni nimebaki na mbili tu.

Ya kwanza Subaru Impreza WRX STI, ile GDB ya 2003 hivi, gia sita manyuo (za kubadilisha kwa mkono), lita 2.0 na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, hosipawa 280. Hii naipenda tangu niko sekondari, mlio wake ukipita mtaani nilikuwa naujua kabla sijageuza shingo. Ya pili Toyota MR-S, ile ndogo ya siti mbili, turubai juu, injini inakaa nyuma ya mgongo wako, 1.8 haina tabo, hosipawa 140. Hii sikuwa naifikiria kabisa mpaka jamaa yangu mmoja wa Tanga aliponipa ya kwake nikapanda nayo kutoka Mombo hadi Lushoto, na toka siku hiyo nimechanganyikiwa.

Kwenye makaratasi STI ina nguvu mara mbili kamili. Lakini ina kama kilo 1,450 na MR-S ina karibu tani moja tu. Kwa barabara zetu zenye matuta, tochi na malori, ipi ambayo baada ya mwaka bado nitakuwa naitafutia sababu ya kuiwasha? Naombeni majibu ya walioendesha, siyo ya waliotazama video.

Chuma_Boxer:
Mkuu chukua STI. Mimi nimekaa na Subaru za tabo miaka mingi nakuambia hakuna gari ya bei hiyo inayokupa kitu kile. Unatoka Chalinze una semi tatu mbele zimefuatana, upande wa pili peupe, unashusha gia hadi ya tatu unakanyaga, tabo ikishaamka unazipita zote umerudi upande wako kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Kwangu mimi nguvu ni usalama, muda unaokaa upande wa kulia wa barabara ndio muda wa hatari, na STI inaufupisha. Sifuri hadi mia ni sekunde tano na kidogo, MR-S inazunguka kwenye nane huko.

Halafu magurudumu yote manne yanavuta. Mvua ya masika ikimwagika lami ya hapo Mikese ikalowa utaelewa ninachosema. Baadhi zina difu ya kati unayoweza kuirekebisha mwenyewe kwa kijigurudumu pale karibu na gia, ibane kiasi gani kati ya tairi za mbele na za nyuma, na breki ni Brembo kutoka kiwandani. Na ina milango minne, mama watoto na watoto wanaingia, hutaanza kuulizwa nyumbani kwa nini umenunua gari ya kupanda peke yako.

Na usisahau Impreza ilishinda Safari Rally, 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns. Barabara za Afrika Mashariki inazijua.

MzeeWaKona:
Kijana, umeuliza swali zuri na mwenzangu hapo juu amesema kweli kwenye mvua na kwenye kuovateki, hilo sibishani nalo. Ila naomba tuangalie unaenda kuitumia wapi.

Wewe hutafuti gari ya kwenda Dar na kurudi, unatafuta gari ya Jumapili alfajiri. Sasa chukua hiyo njia yako ya Gairo, toa vijiji vyote vya hamsini, toa matuta na rasta, toa sehemu trafiki wanapokaa na tochi, zinabaki nini? Zinabaki vipande vifupi vifupi na zile kona za kupanda mlima. STI kwenye gia ya pili peke yake inakaribia kasi ambayo ukikutana na afande ni elfu thelathini, ya tatu ndiyo usiseme, na bado una gia tatu zingine hujazigusa. Maana yake raha yake kubwa, ile tabo inapojaa na mgongo unagandishwa kwenye siti, unaipata kwa sekunde tatu nne halafu lazima uachie. Muda uliobaki wote unaendesha gari nzito kiasi, ngumu kiasi, inayokunywa sana, ukiwa umeibana isikimbie.

MR-S ni kinyume. Unaikanyaga hadi mwisho gia ya kwanza, unapeleka mshale juu kabisa, unaingia ya pili, unaikanyaga tena hadi mwisho, ukiangalia mwendo bado haujafika mia. Umetumia injini yote, umetumia klachi, mikono, miguu, masikio, na hujamhatarisha mtu. Hicho ndicho kilichokukuta Lushoto. Ile barabara ya Mombo haina mahali pa kunyoosha, kona inafuatwa na kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, hosipawa 280 pale utaziweka wapi? Pale unatumia tairi, breki na wepesi wa kugeuka.

Na uzito mkuu watu wanaudharau kwa sababu hauonekani kwenye tangazo la kuuza gari. Kwa mwendo uleule, gari ya kilo 1,450 ina nishati karibu mara moja na nusu ya gari ya kilo 1,000, na nishati hiyo yote breki ndiyo zinaigeuza kuwa joto. Ndiyo maana STI ilihitaji Brembo. Ukishuka Lushoto kwa bidii na gari nzito utasikia harufu ya pedi kabla hujafika Mombo, pedali inaanza kwenda chini laini, unapunguza mwendo utake usitake. Nyepesi inashuka bila hata kutoa jasho. Tairi vilevile, MR-S za mwanzo zinavaa 185/55 R15 mbele na 205/50 R15 nyuma, vitu vidogo, na zinakaa muda mrefu kwa sababu hazibebeshwi mzigo. STI ni inchi 17 zote nne, na kwa sababu zote zinavuta inabidi ubadilishe zote kwa pamoja, ukiweka mpya mbili na kuukuu mbili kipenyo kinatofautiana unaziumiza difu.

Kuhusu Safari Rally, ni kweli kabisa ushindi wa McRae na Burns. Lakini hizo zilikuwa gari za mashindano, zimeinuliwa, shokapu zake siyo za dukani. Na kama tunataja Safari basi tutaje na 1974, Joginder Singh alipochukua na Mitsubishi Lancer 1600, kagari kadogo kepesi, nyuma yake akaja Björn Waldegård na Porsche 911. Mimi nilikua nasikia wazee wakiisimulia hiyo.

Mdau_Altezza:
Kwa nini asichukue Altezza RS200 jamani, hosipawa 210, inavuta nyuma, gia sita, milango minne, spea kibao. Anapata kila kitu katikati.

MzeeWaKona:
Altezza ni gari nzuri sana mkuu na ningekuwa na gari moja tu ningeiangalia. Ila ina kilo 1,340 hivi, na nguvu yake iko juu kabisa kwenye mzunguko, chini inalala. Yeye tayari Premio ipo nyumbani, milango minne ya pili ya nini? Akinunua ya katikati atabaki anazitamani zote mbili alizoziacha.

Fundi_wa_Gereji_Temeke:
Salaam wakuu. Mimi nazungumza kutokea chini ya boneti, maana hizo raha mnazozisema huwa zinaishia kwangu.

STI kwanza. Injini yake ya Japani imepangiwa petroli ya oktani 100 ya kule kwao (oktani ni kipimo cha mafuta kuhimili kugonga), mafuta ya vituo vyetu yako chini ya hapo. Gari yenyewe ina sensa ya kusikia injini inagonga na itajirudisha nyuma kujilinda, lakini ukiikanyaga joto kali la Dar, mafuta ya kuungaunga, na mwenye gari wa kwanza alishaongeza presha ya tabo, pistoni inapasuka. Nimezifungua kadhaa za hivyo. Ukichukua STI tenga hela ya mtu anayejua kweli kuipanga kompyuta yake kwa mafuta yetu, halafu iache ya kiwandani, usiongeze kitu. Oili nzuri na uibadilishe mapema, usisubiri elfu kumi. Taimingi belti ni kilomita laki moja, na kwenye gari ya umri huu usiamini stika, badilisha ikifika tu pamoja na pampu ya maji na zile puli zake. Klachi ya gari inayovuta manne na yenye nguvu hiyo ukiizoesha kuondoka kwa fujo haikai, na kuibadilisha siyo hela ndogo.

Halafu nikuambie jambo moja la mlio, kwa sababu umesema mlio ndio uliokuvuta. Ule mgurumo wa kugongagonga unatokana na manifodi, ile inayotoa moshi kwenye injini, yenye mabomba ya urefu usiolingana. STI za Japani za kipindi hicho unachotaka, kuanzia zile zenye tabo ya njia mbili, mabomba yake yanalingana, kwa hiyo hazina ule mgurumo, zinalia laini zaidi. Isikilize kwanza kabla hujalipa.

MR-S sasa. Injini ni 1ZZ, ni ileile iliyo kwenye Premio ya 1.8, Allion, Wish za zamani, kwa hiyo plagi, pampu, koili, gasketi, unavipata Ilala na Kariakoo. Inatumia cheni, haina belti ya kuwaza. Lakini isije mtu akakudanganya haina ugonjwa. 1ZZ za mwanzo zinakula oili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni machache yanaziba, ringi zinaganda. Na kwenye MR-S hilo lina hatari zaidi kwa sababu kuna vichujio vya moshi vidogo ndani ya manifodi, karibu kabisa na injini, vikimeguka vile vipande vya kauri vinaweza kuvutwa vikarudi kwenye silinda, hapo injini imeisha. Wengi wanavitoa mapema, na wengi wanapendelea za 2003 kuendelea. Usichukue yenye SMT, ile ya gia bila klachi, pampu yake ya haidroliki ikifa utanitafuta na mimi sitakuwa na jibu rahisi. Chukua manyuo.

Lingine, rediata iko mbele na injini iko nyuma, maji yanasafiri chini ya gari nzima. Fundi asiyeijua akibadilisha kuleni (maji ya rediata) bila kutoa hewa kwenye zile nati zake, hewa inabaki kwenye mabomba, gari inachemka na yeye anakuambia ni gasketi. Mfundishe kabla hajaanza.

Dada_wa_Arusha:
Habari za jioni. Mimi ninayo MR-S, naiendesha huku, kwa hiyo niseme ya kuishi nayo maana kaka zangu hapo juu naona wanaisifia tu.

Kaka yangu ujue gari hii iko chini. Matuta yale ya vijijini yaliyojengwa na wananchi wenyewe, yasiyo na kipimo, unayaendea kiupandeupande taratibu na bado kuna mengine yatasugua uvungu. Barabara ya vumbi sahau, siyo kwamba haiwezi, ila vumbi linaingia mpaka kwenye pochi. Turubai likikaa juani miaka linapasuka, na dirisha lake la nyuma angalia ni la kioo au limeshabadilishwa la plastiki. Mizigo haina mahali, kuna vijisanduku nyuma ya siti na sehemu kidogo mbele pamoja na tairi la akiba, nikienda sokoni nyanya anakaa nazo abiria.

Mvua ndiyo nataka unisikilize vizuri. Injini iko nyuma yako, uzito mwingi uko nyuma. Ukiingia kona iliyolowa kwa mwendo ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, nyuma inapungua kushika na gari inataka kugeuka ikutazamishe ulikotoka. Na ikianza inaenda haraka. Unapunguza mwendo kabla ya kona, gari iko wima, halafu unaingia ukiwa na mafuta kidogo mguuni na unaongeza taratibu. Weka tairi nzuri za nyuma, hapo usibane hela. STI hii adhabu haina, ukikosea inakusamehe mara nyingi zaidi, hilo Chuma_Boxer yuko sahihi.

Na usalama mwingine ni kwamba wewe ni mdogo barabarani. Dereva wa basi hakuoni kwenye kioo chake. Mimi siku hizi siendi na gari hii barabara kuu usiku kabisa.

Nikishasema yote hayo, siiuzi. Asubuhi nikishusha turubai nikatoka kuelekea Karatu, baridi la pale Makuyuni, halafu kile kipande cha kupanda kutoka Mto wa Mbu, usukani unakuambia kila punje ya mchanga iliyo juu ya lami. Premio haikuambii chochote. Na STI nimeiendesha ya shemeji yangu, ina nguvu ya kutisha, ila nilikuwa muda wote namuomba Mungu nisiikanyage sana. Hii yangu naikanyaga.

Chuma_Boxer:
Dada umeongea kwa haki, heshima kwako. Mimi bado nasimama na STI kwa mtu mwenye gari moja, au anayekaa sehemu barabara ni mbaya. Ila niseme na hili, MzeeWaKona amegusa penyewe kwenye kuibana. Yangu mimi raha ninaipata kwa ukamilifu nikiwa nayo kwenye mashindano ya kiwanjani tu, kwingine kote ni kujizuia. Kama Moro hakuna kiwanja karibu basi fikiria mara mbili. Lakini kuovateki kwa hosipawa 140 panga vizuri, usije ukaenda na hesabu za STI.

Kijana_wa_Moro:
Wakuu nawashukuru sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Hilo la mlio limenigusa, nilikuwa sijui, nimetafuta nikasikiliza za 2003 na kweli siyo ule ninaoukumbuka. Na hili la kutumia injini yote bila kufika mia limenielezea kitu nilichokihisi Lushoto nikakosa maneno yake.

Kwa sasa naelekea MR-S. Maswali mawili yamebaki. Ushuru kuna tofauti kubwa? Na nikiletewa karatasi ya mnada kutoka Japani niangalie nini?

MzeeWaKona:
Ushuru kwa asilimia hazitofautiani. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, zote ziko chini ya 2,000cc kwa hiyo zinaangukia kundi moja, STI ni 1,994cc imepita kwa chupuchupu. Ile ya uchakavu zinalipa zote maana zote ni za zamani. Kinachotofautisha ni thamani inayokokotolewa, na hapo STI itakuumiza kwa sababu bei yake Japani imepanda sana, kila mtu duniani anaitafuta. Ingia kikokotoo cha TRA weka modeli na mwaka, usitegemee maneno ya dalali.

Fundi_wa_Gereji_Temeke:
Karatasi ya mnada: ukiona daraja R au RA ujue imewahi kugongwa ikatengenezwa, kwenye gari ya injini nyuma mimi siigusi, chasisi ikipinda kidogo tu haitakaa sawa kwenye kona. Tafuta daraja 3.5 au 4. Soma maoni ya mkaguzi kuhusu kutu, omba picha za uvungu, gari za Hokkaido na maeneo ya theluji zinamwagiwa chumvi barabarani na zinaoza kwa chini huku juu zinang'aa. Kwenye MR-S angalia hasa membe ya nyuma inayobeba injini na zile bomba za maji zinazopita katikati. Uliza kama ina difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, baadhi zilikuja nayo, ukiipata ni bahati.

Ikifika bandarini usiiendeshe moja kwa moja hadi Moro. Pima oili, jaza iwe kwenye alama, tembea nayo kilomita mia kadhaa hapa mjini halafu pima tena. Ikishuka sana tuifungue kwanza tuone ringi na hivyo vichujio, kabla hujaipeleka mlimani. Gharama ya kuifungua mapema ni ndogo kuliko ya kununua injini, ingawa 1ZZ za mtumba zipo na bei yake siyo ya kuogopesha.

Dada_wa_Arusha:
Na usiweke springi za kuishusha tafadhali, utaona picha zinapendeza, matuta yetu hayaangalii picha. Iache urefu wake wa kiwandani, badilisha bushi na shokapu zikiwa zimechoka, inatosha.

Kijana_wa_Moro:
Nimeelewa wakuu. Kuna ya fedha, 2003, manyuo gia sita, daraja 3.5, kilomita elfu tisini na kitu, mnada ni wiki ijayo. Nimeomba picha za uvungu, zikija naziweka hapahapa mzitazame kabla sijaweka dau.

Fundi_wa_Gereji_Temeke:
Ziweke. Omba na picha ya ndani ya kifuniko cha oili na video ikiwashwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, kamera ikae nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka tu achana nayo, subiri nyingine.